DHIS2
DHIS2 ni programu huria ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya kupitia intaneti. Chimbuko lake ni mradi wa HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 ili wilaya zitumie takwimu zake zenyewe, badala ya kuzipeleka makao makuu tu. Toleo la intaneti liliratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, likatumika kwanza Kerala, Uhindi, mwaka 2006.

Tanzania iliieneza nchi nzima kufikia mwaka 2013. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, haulipiwi leseni, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kuurekebisha. Katika wilaya kama Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, takwimu za vitabu vya MTUHA vinavyojazwa zahanatini huingizwa humo, na mganga mkuu wa wilaya huona mapema ni wapi chanjo imepungua.