Kiti Kingine Katika Gari la Zamani

Gari likiisha kutembea miaka ishirini katika barabara za mashimo na mavumbi, viti vyake huchoka pamoja na injini. Springi hukatika, sponji hugeuka unga, na dereva huketi upande upande mpaka mgongo ukamwuma. Basi mwenye gari huenda kutafuta kiti kingine. Mjini Nairobi hukipata katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wengi hata leo huiita Grogan, jina lake la zamani. Mashambani hukipata kwa fundi mwenye magari mabovu nyuma ya karakana. Kiti huwa kizuri, chenye mahali pa kuegemeza kichwa, nacho kimetoka katika gari jipya kuliko lake. Bei hupatanwa, na fundi huahidi kukifunga kabla ya jua kutua.

Wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni ya starehe tu, kama kubadili mapazia ya nyumba. Sivyo hata kidogo. Siku gari linapogonga kitu, kiti ndicho kinachomweka mtu mahali pake ili mkanda upate kumshika. Kiti kiking'oka, mkanda haufai tena.

Yafaa kutazama hesabu yake. Gari linalokwenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa, likigonga ukuta na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kitu kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ipatayo mara 14 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 huuvuta mkanda kama mzigo wa kilo 980, yaani karibu magunia 11 ya mahindi ya kilo 90. Kiti chenyewe, kikiwa na kilo 15, huongeza kilo 210. Na mwendo huo wa kilomita 50 si mkubwa. Ni mwendo wa kupita sokoni.

Sasa, mzigo huo hushikwa na nini? Hapa ndipo magari ya zamani yanapotofautiana na mapya, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Katika magari mengi ya zamani, mkanda ulifungwa kwenye mwili wa gari: ncha moja juu katika nguzo ya mlango, na nyingine mbili chini sakafuni. Kiti kilibeba uzito wake chenyewe na wa mtu aliyeketi, basi. Mtu aliposukumwa mbele, nguzo na sakafu ndizo zilizomzuia. Lakini katika magari mengi ya siku hizi, kifungo cha mkanda kimeunganishwa na kiti chenyewe, ili kiti kikisogezwa mbele au nyuma, kifungo nacho kifuate. Kwa hiyo mtu akichukua kiti cha namna hiyo na kukiweka katika gari la zamani, anaziongezea bolti za kiti kazi ambayo sakafu ile haikutengenezewa.

Tena, nguvu hiyo haivuti bolti zote sawasawa. Mkanda humshika mtu kiunoni na kifuani, juu ya sakafu, kwa hiyo kiti hutaka kupinduka kuelekea mbele, kama mtu anayesukumwa mgongoni huku miguu yake imefungwa. Miguu ya mbele ya kiti hukandamizwa chini. Ya nyuma huvutwa juu. Bolti mbili za nyuma ndizo zinazobeba taabu. Fundi anayefunga mbili za mbele barabara, kisha akaziweka za nyuma bila uangalifu kwa sababu mahali ni pembamba na mkono haufiki, amefanya kinyume cha yapasayo.

Lakini bolti zenyewe si mara nyingi zikatikazo. Bolti moja nzuri yenye unene wa milimita 8, ambayo kichwa chake kimeandikwa 8.8, yaweza kubeba tani 2 hivi bila kunyooka. (Namba ya 10.9 ni ya chuma chenye nguvu zaidi. Bolti isiyo na namba yo yote afadhali iachwe kwa kazi ya kuku na mabanda.) Kinachoshindwa ni sakafu. Bati la sakafu ya gari lina unene wa milimita 1 hivi, pengine pungufu, na katika gari la miaka ishirini kutu imekula sehemu yake chini ya zulia. Bolti ikivutwa, kichwa chake na washa ndogo hupita katika bati hilo kama kidole kinavyopita katika karatasi iliyolowa. Bolti hutoka nzima, haina hata mkwaruzo.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: kipande cha chuma kinene huwekwa chini ya sakafu, kila mahali bolti inapopita, ili nguvu itawanyike. Kanuni za kimataifa za mashindano ya magari, zinazotumika hata katika Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, zinataka kila kiti kishikwe mahali pasipopungua 4, kwa bolti za milimita 8 au zaidi, na kila moja iwe na bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40. Hilo ni bamba la mraba wenye upande wa sentimita 6 na nusu, na fundi ye yote wa kuchomelea anavyo vipande vya namna hiyo chini ya meza yake. Kama bati la pale limeoza, kwanza likatwe na kuchomelewa jipya. Bamba juu ya kutu ni kazi bure.

Afadhali zaidi ni kutumia matundu ya kiwandani yale yale. Huko kiwandani huimarisha bati kabla ya kuweka nati. Miguu ya kiti kipya haitalingana nayo, hilo ni jambo la kawaida. Basi fundi atengeneze fremu ndogo ya chuma, ifungwe katika matundu ya zamani, na kiti kifungwe juu ya fremu. Asiikunje miguu ya kiti kwa moto wala kuchomelea reli zake. Na bolti za mikanda zisichanganywe na nyingine: katika magari mengi, hata ya Japani, hizo ni za kipimo cha inchi, 7/16, na bolti ya milimita ikilazimishwa humo huharibu meno ya nati.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wenye matatu. Gari lililotoka kiwandani kuwa la kuchukua abiria lina nati zake sakafuni. Lile lililoundwa kuchukua mizigo halina, wala si rahisi kwa abiria kutambua tofauti likiisha kupakwa rangi na kutobolewa madirisha. Tangu zamani hadi leo mambo mengi yamebadilika, lakini badiliko kubwa lilikuja Februari 2004, wakati kanuni zilizotangazwa mwaka uliotangulia na Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutumika. Matatu ndogo zilizokuwa zikichukua abiria 18 zilipunguziwa wakawa 14, mwendo ukawekewa mpaka wa kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kikatakiwa kuwa na mkanda. Mkanda uliofungwa katika kiti cha mabomba, nacho kimeshikwa na bati tupu, hutimiza kanuni machoni tu.

Kabla ya keekee kugusa sakafu, mtu alale chini ya gari atazame. Mabomba ya breki, nyaya na petroli hupita huko. Katika Land Rover fupi za zamani, tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele chenyewe.

Kiti kilichotoka katika gari jipya huenda kina mfuko wa hewa ubavuni, au baruti ndogo ya kukaza mkanda katika kifungo. Waya zake mara nyingi huishia katika plagi ya rangi ya manjano. Kinapotolewa katika gari lake, betri ikatwe kwanza, na zipite dakika kadhaa. Kamwe plagi hiyo isijaribiwe kwa taa wala kwa mita, kwani umeme kidogo tu waweza kuilipua usoni mwa fundi. Katika gari la zamani mfuko huo hautafanya kazi. Mwenye gari asihesabu kuwa anao.

Kisha dereva akae, afunge mkanda, apande na kushuka. Mkanda wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Kichwa kisikaribie dari, na breki ikanyagwe mpaka mwisho bila kunyosha goti.

Yote haya yatazamwe kabla ya zulia kurudishwa. Kampuni ya bima iarifiwe, na idadi ya viti ikibadilika, Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani pia. Baada ya majuma mawili ya barabara mbaya, zulia lifunuliwe tena na spana ipitishwe katika bolti zote nne, kuanzia zile mbili za nyuma.