Kuipazia Sauti Palestina Bila Kumdhulumu Jirani wa Bweni



Kila mwaka watoto wetu wengi wa Pwani, wa kike na wa kiume, hufunga mizigo yao wakapanda bara kusoma. Wapo waendao Njoro, karibu na mji wa Nakuru, katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Huko hulala bweni moja na watoto wa kila kabila na kila dini. Mama aliyebaki nyumbani huwaombea mambo mawili: elimu na salama.

Tangu Oktoba 2023 limeongezeka jambo la tatu. Watoto wameziona katika simu zao picha za Gaza: makumi ya maelfu ya watu waliouawa, wengi wao wanawake na watoto, hospitali zilizobomolewa, na kina mama wakichambua vifusi kwa mikono. Nyoyo zao zimeungua, na wanataka kusema. Wazazi nao wanauliza: je, mtoto aandamane chuoni? Na akiandamana, mpaka wake ni upi?

Sheria yasemaje

Katiba yetu ya mwaka 2010 imelijibu swali la kwanza. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Ibara ya 33 inampa uhuru wa kujieleza. Lakini ibara hiyo hiyo imeweka uzio: uhuru huo haufiki kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, wala matamshi ya chuki. Na ibara ya 32 inamlinda kila mtu katika dini na dhamiri yake. Basi kijana anayebeba bango la kulaani mauaji ya Gaza yumo ndani ya haki yake. Anayemtisha mwenzake kwa sababu ya dini yake ametoka nje ya haki hiyo, hata kama mabango yao yanafanana rangi.

Yaliyotokea Marekani yanatufunza. Tarehe 17 Aprili 2024 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, walipiga mahema uwanjani kuitetea Palestina. Siku iliyofuata polisi waliingia wakawakamata zaidi ya 100. Miongoni mwa waliolala katika mahema hayo walikuwamo wanafunzi wa Kiyahudi, na walipofikiwa na sikukuu yao ya Pasaka waliiadhimisha pale pale, pamoja na wenzao. Lakini katika siku hizo hizo, kando ya chuo hicho, walisikika watu wakiwatolea wanafunzi wa Kiyahudi maneno ya vitisho, hata rabi mmoja akawashauri warudi makwao. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwanafunzi mmoja aliandika mtandaoni kwamba angewaua Wayahudi wa chuo chake, na mwaka 2024 mahakama ikamfunga miezi 21. Na huko Vermont, Novemba 2023, vijana watatu wenye asili ya Palestina walipigwa risasi barabarani, wawili kati yao wakiwa wamevaa vitambaa vya Kipalestina.

Tazama basi, ewe mzazi. Myahudi aliogopa kwenda kula, na Mpalestina alipigwa risasi akiwa na kitambaa chake. Chuki haina upande. Ikifunguliwa mlango huingia kila chumba.

Mtoto wa Kiyahudi Nakuru

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Marekani, Nakuru kuna Myahudi gani? Historia ya Bonde la Ufa inajibu.

Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa serikali ya Ujerumani, vyuo vikuu vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuiva chuki. Tarehe 25 Aprili mwaka huo ilitolewa sheria ya kubana idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi, kwamba wasizidi asilimia 1.5 ya wanaoandikishwa upya. Tarehe 10 Mei, wanafunzi wenyewe, wala si wahuni wa mitaani, walikusanya vitabu vya waandishi wa Kiyahudi na vya wengine wasiowataka, wakavichoma hadharani.

Kati ya waliokimbia moto ule ni mwanasheria mmoja na familia yake, waliofika Kenya mwaka 1938. Baba akawa msimamizi wa shamba katika Bonde la Ufa, na binti yao, Stefanie Zweig, aliyezaliwa mwaka 1932, akapelekwa shule ya bweni ya Kiingereza mjini Nakuru. Alipokuwa mtu mzima aliyaandika maisha hayo katika riwaya iliyotoka mwaka 1995, na filamu iliyotokana nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni iliwakusanya Wajerumani waliokuwa Kenya na kuwazuia kama maadui, wakiwamo Wayahudi waliomkimbia Hitler. Karatasi zao zilisema ni Wajerumani, na hilo likatosha. Mtu aliyefukuzwa na serikali yake akaadhibiwa kwa makosa ya serikali ile ile iliyomfukuza. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa ubaya wa kumhukumu mtu kwa jina la taifa.

Familia ile ilirudi Ujerumani mwaka 1947. Mwaka huo huo, hapo Gilgil, si mbali na Nakuru, Waingereza walifungua kambi ya kuwazuia bila kesi wanaume wa Kiyahudi wa makundi ya Irgun na Lehi, waliokuwa wakipigana kwa silaha na mabomu huko Palestina. Bonde hilo moja basi lilipitiwa na mtoto mkimbizi asiyemdhuru mtu, na likapitiwa na wanaume wa mabomu. Wote waliitwa Wayahudi. Nani mwenye akili atamtoza mtoto yule deni la wale?

Na leo, katika sehemu za Kasuku, kaunti ya Nyandarua, wako Wakenya wachache, wakulima, wanaoishika dini ya Kiyahudi na kuitukuza Sabato. Mtoto wao akifika chuo cha Njoro, atakuwa Mkenya mwenye haki sawa na mtoto wa Lamu au Kwale. Hakushauriwa juu ya vita vya Gaza, wala hakuamuru ndege zitupe mabomu.

Kisa cha deraya

Sisi Waislamu tuna dalili iliyo kubwa kuliko historia yote hiyo. Wafasiri wengi wa Qur'ani wametaja sababu ya kushuka aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105. Mjini Madina mtu mmoja aliyejidhihirisha kuwa Mwislamu aliiba deraya ya jirani yake, kisha akaiweka kwa Myahudi. Ilipopatikana, jamaa za mwizi wakaungana kumtetea ndugu yao na kumtupia Myahudi lawama. Walidhani udugu wa dini utaifunika kweli. Aya zikashuka kumwondolea Myahudi tuhuma, na kumkataza Mtume (S.A.W.) asiwe mtetezi wa wahaini.

Tukumbuke ya kwamba wakati ule Waislamu wa Madina walikuwa na uhasama na baadhi ya makabila ya Kiyahudi. Hata hivyo uhasama haukugeuzwa kuwa hoja dhidi ya mtu mmoja asiye na kosa. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu, kwani uadilifu ndio ulio karibu zaidi na uchamungu.

Sisi wenyewe tumeyaonja

Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali na Waislamu, walikusanywa na kupelekwa uwanja wa Kasarani kwa makosa ya watu wengine. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakawabagua wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Kisha Desemba 2015, karibu na Mandera, basi lilipovamiwa, abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Januari 2016. Allah amrehemu. Huyo ndiye tunayetaka watoto wetu wamfuate: aliyesimama kati ya silaha na asiye wa dini yake.

Nasaha kwa wazazi na wanafunzi

Mama anapozungumza na mwanawe kwa simu, asimkataze kuililia Palestina, maana moyo usiouma kwa dhuluma umekufa. Amwambie haya. Bango litaje kitendo na mtendaji: serikali, jeshi, mauaji, njaa. Lisitaje dini wala damu ya mtu. Kabla ya kupaza kauli, ajiulize: kama neno hili lingesemwa juu ya Waislamu mlangoni mwa msikiti wa chuo, ningeliita nini? Asimdai mwenzake wa bweni kiapo cha msimamo ndipo amwache apite. Asifunge mlango wa darasa wala wa maktaba. Na akimsikia mwenzake katika msafara akitishia mtu, amnyamazishe yeye kwanza, kabla ya askari. Asiwasifu wala waliowaua raia wa Israeli tarehe 7 Oktoba 2023, kwani damu ya asiye na hatia haimsaidii aliyedhulumiwa.

Wakuu wa vyuo nao wana wajibu. Wasiitumie salama ya wachache kuwa kisingizio cha kuwanyamazisha wengi. Kijana anayezuiwa kusema kwa adabu hufundishwa kusema bila adabu.

Kuitetea Palestina ni kuitetea haki, na haki haigawanyiki. Ukimnyima mmoja, umeipoteza hoja yako kwa wote. Twamuomba Mwenyezi Mungu awanusuru waliodhulumiwa wa Gaza, awahifadhi watoto wetu wote vyuoni, na awajaalie kuwa amani kwa kila anayelala jirani nao. Amin. Wabillahi tawfiq.