Somo la 18: Shule ya Misioni Hufundisha Imani kwa Namna Inavyoishi



Katika somo lililopita tulieleza wajibu wa wazazi waliowaleta watoto wao kwenye Ubatizo. Leo tunaingia shuleni. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wazazi huuliza ulizo moja, nasi makatekista twalisikia mlangoni pa kanisa baada ya Misa: shule ya kikatoliki yatofautianaje na shule nyingine, ikiwa hesabu ni ileile na kifaransa ni kilekile? Wengine hujijibu upesi, wakisema tofauti ni ile saa ya dini. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mambo yaliyoipata nchi yetu yanaonyesha kwa nini halitoshi.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mapadri Weupe walifika Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Miongoni mwa watoto wa kwanza waliowakusanya walikuwamo wale waliokombolewa utumwani, watoto wa makabila mbalimbali waliotengwa na jamaa zao. Kwa watoto hao shule haikuwa mahali pa kujifunza kusoma tu. Ilikuwa kwao nyumba, shamba, chungu kimoja cha ugali, na sala ya jioni pamoja. Katika shule za upande huo ndimo alimokua Stefano Kaoze, aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza mwana wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Mwaka 1906, tarehe 26 Mei, Baba Mtakatifu na serikali ya Kongo ya wakati ule walikuwa wamepatana ya kwamba misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule kadiri ya uwezo wao. Tangu hapo shule zikaenea hata vijijini, na mara nyingi katekista ndiye aliyekuwa mwalimu. Ukuta ulikuwa wa matete, ubao ulikuwa mmoja, na kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa mtini.

Sasa tuje kwenye mwaka 1974. Mwishoni mwa mwaka ule serikali ya Mobutu ilizitwaa shule zote za madini mikononi mwake. Somo la dini likafutwa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama. Noeli ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Majina ya Ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa tangu 1972, na vyama vya vijana wakristu vilikuwa vimefungwa. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka miwili. Shule zilipoyumba, serikali ikayarudia madhehebu, na tarehe 26 Februari 1977 ikaandikwa mapatano mapya: shule zabaki mali ya taifa, serikali yawalipa walimu na kupanga masomo, lakini Eklezia yaziongoza shule zake na kufundisha humo dini na maadili. Mapatano kama hayo yalifanywa pia na Waprotestanti na Wakimbangisti. Kwa sababu hiyo shule ya parokia yako ni shule ya umma na shule ya Eklezia pia, jambo ambalo wengi hawalifahamu vizuri, wakadhani padri aweza kuifunga au kuiuza apendavyo.

Ulizo. Je, saa ya dini ilipofutwa, imani nayo ilitoka shuleni?

Jibu. Ilitoka pale ilipokuwa saa tu. Pale ilipokuwa desturi ya kuishi, haikutoka.

Wazee wetu waliofundisha miaka ile wanasimulia ya kwamba hawakuruhusiwa kuanza siku kwa sala, lakini hakuna aliyeweza kuwakataza kwenda kumtazama mtoto mgonjwa kwao, wala kuwapatanisha wawili waliopigana, wala kugawa chakula chao na mtoto aliyekuja na njaa. Katekisimu ikahamia nyumbani na katika mashirika ya mtaani. Watoto waliojifunza ishara ya msalaba wakati ule walijifunza kwa nyanya zao, na shuleni waliona walimu wanaoishi kama watu wanaoamini. Nasi twaona hapo ndipo palipo na siri ya shule ya kikatoliki. Mtoto hushika anachokiona kila siku kuliko anachokariri mara mbili kwa juma. Ukimfundisha katika saa ya dini ya kwamba sisi sote ni watoto wa Baba mmoja, kisha saa inayofuata ukamketisha mtoto wa maskini nyuma kabisa, chini, kwa kuwa hana shati jeupe na nguo ya buluu, umeyafuta mafundisho yako mwenyewe kabla ya kuufuta ubao.

Basi maisha hayo ya pamoja ni yapi? Tuanze na benchi, kwa maana benchi ni katekisimu ya kwanza. Juu yake wanakaa watoto ambao wazazi wao pengine hawasalimiani. Huko Maniema, upande wa Kasongo hasa, mtoto mwislamu na mtoto mkatoliki husoma kitabu kimoja. Mwalimu mkristu hamlazimishi yule mwislamu kupokea sakramenti wala kukana dini ya baba yake. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika maandiko yake ya 1965 juu ya malezi na juu ya uhuru wa dini, umelieleza jambo hilo waziwazi. Mtoto yule asikie habari ya Yezu, na zaidi ya kuisikia aione kwa namna anavyotendewa.

Huko Tanganyika benchi limekuwa jambo gumu zaidi. Tangu 2016 ugomvi wa Waluba na Watwa uliwaka vibaya sana. Vijiji vikachomwa, shule pia, na watu wengi wakakimbilia kando ya miji kukaa katika vibanda vya majani. Tangu zamani mtoto mtwa alikuwa akidharauliwa shuleni, akichekwa kwa mavazi yake na kwa usemi wake, mpaka anaacha masomo. Baada ya vita dharau ikazidishwa na hofu, kwa pande zote mbili, kwa maana Waluba nao walizika watu wao. Hapo mwalimu afanyeje? Wengine husema: watengwe kwanza, amani ije, kisha tutawachanganya. Sisi twaona ni kinyume. Watoto hawaogopani kwa asili, hufundishwa na wakubwa. Wakiachwa kwenye benchi moja, wakapewa jembe moja siku ya salongo na mpira mmoja saa ya mapumziko, kabla ya Pasaka watakuwa wanaitana kwa majina ya utani. Lakini lazima mwalimu awe macho kweli, asiruhusu hata mara moja neno la matusi juu ya kabila, na asiwaachie wanafunzi wakubwa kazi ya kuadhibu wenzao. Mzazi anayetaka mwanawe ahamishwe benchi kwa sababu ya kabila la jirani yake na aitwe, asikilizwe kwa heshima, kisha akataliwe.

Jambo la pili ni jina. Mwalimu na ajue jina la kila mtoto. Huenda mtu akasema ni jambo dogo. Mwenye heri Anuarite wetu alikuwa na jina la Nengapeta. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake mkubwa, likaandikwa juu yake kwa kosa siku alipoingizwa shuleni. Alilichukua jina hilo la daftari maisha yake yote, na sasa Eklezia nzima yamwomba kwa jina hilo. Twacheka kidogo tukisimulia, lakini ni vema walimu wakumbuke uzito wa kalamu yao. Anuarite mwenyewe akawa mwalimu, akafundisha watoto wa shule ya msingi kule Bafwabaka, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu. Aliuawa Isiro usiku wa tarehe 1 Desemba 1964, akiulinda usafi wake, na kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yoane Paulo II alikuja Kinshasa kumtangaza Mwenye heri, naye akasema mbele ya watu wote ya kwamba anamsamehe muuaji yule. Watoto huuliza sana habari hii. Huuliza kama yule mtu aliadhibiwa, na kama kusamehe ni kusema hakuna kosa. Tuwajibu polepole: kosa lipo, hakimu anayo kazi yake, lakini anayesamehe anakataa kubeba sumu ile moyoni. Kisha mwalimu atafute ugomvi mdogo wa darasani, labda wa kalamu iliyoibwa, na awaonyeshe namna ya kusamehe hapo hapo: aliyeiba airudishe, aombe radhi kwa sauti, mwenye kalamu ampe mkono, na darasa lisimwite mwizi tena. Kisa kimoja cha namna hiyo kinaandaa kitubio kuliko kurasa nyingi.

Juu ya sala hatutakawia, kwa kuwa somo la 7 lilieleza. Iwe fupi, isemwe polepole, na mara kwa mara mtoto mmoja aiombee jamaa yake kwa maneno yake mwenyewe.

Imebaki habari ya fedha, nayo inawauma wazazi kuliko zote. Tangu miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipoanguka, wazazi ndio waliowalisha walimu kwa malipo ya kila mwezi. Tukiri ya kwamba bila wao shule nyingi zingalifungwa. Lakini mtoto asiyelipa alifukuzwa, naye mara nyingi alikuwa yatima au binti. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, yasema masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Jambo hilo lilianza kutekelezwa Septemba 2019, na madarasa yakajaa mara moja. Furaha ilikuwa kubwa, na shida pia: mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto, wengine wameketi juu ya mawe, na walimu wapya wengi wakafundisha muda mrefu bila kupata mshahara wa serikali.

Ulizo. Je, yafaa shule ya misioni ya msingi imrudishe nyumbani mtoto asiyeleta fedha?

Jibu. Haifai. Sheria imekataza, na Injili ilikataza kabla ya sheria, kwa kuwa Bwana aliwakemea mitume waliowazuia watoto.

Walakini jibu hili lina upande wa pili, nao wazazi husahau kuusikiliza. Mwalimu ana watoto wake, nao hula. Ikiwa serikali yakawia kumlipa, wakristu wasifunge mikono wakisema masomo ni bure. Hapa hatusemi juu ya kuanzisha tena malipo yaliyokatazwa kwa jina jingine, kwani hila hiyo tumeiona na haifichi kitu. Twasema juu ya kazi ya mikono na ya hiari: shirika moja lilime shamba la mwalimu siku ya salongo, lingine lilete nyasi za paa, mwenye mtumbwi alete samaki arudipo ziwani. Asiye na kitu alete maji. Halmashauri ya wazazi na iandike katika daftari lililo wazi kila kilicholetwa, ila majina ya walioshindwa kuleta yasiandikwe, wala mtoto asiulizwe darasani baba yake ametoa nini.

Juma hili, kila shirika litakapokutana, wajumbe wawili wachaguliwe waende shuleni saa ya asubuhi, kwa ruhusa ya direkta, watazame ni watoto gani wa mtaa wao hawapo benchini, kisha wapite nyumbani kwao kuuliza sababu. Somo la 19 litaeleza namna ya kuwaandaa watoto wa mwaka wa tatu kwa Komunyo ya kwanza.