Gogo moja, mbao tisa au kumi na moja: Yanayozungumzwa wapasuaji mbao wakikutana

Wapasuaji mbao wanapokutana, huwa hawaanzi na hotuba. Wanaanza na gogo. Kabla ya afisa yeyote kupewa nafasi ya kusalimia wananchi, utapata watu watatu wamelizunguka: mmoja ameshika tepu, wa pili anakagua ncha nyembamba kuona kama moyo wa mti uko katikati, na wa tatu ameshataja idadi ya futi za sita kwa moja zitakazotoka. Kisha ubishi unaanza.

Ubishi huo unamhusu hata mkazi ambaye hajawahi kushika msumeno. Katika maeneo ya juu, mti ndio akiba ya familia nyingi. Karo ikikosekana au mgonjwa akilazwa, mkaratusi wa mpakani au msaipresi ulio nyuma ya boma ndio hutazamwa kwanza. Mara nyingi anayeuza ana haraka, na anayenunua anajua hivyo. Kwa sababu hiyo, kinachofundishwa kwenye mikutano ya wapasuaji kinafaa kumfikia mwenye mti pia.

Wanaofika ni wa aina mbili. Kuna wenye viwanda: watu walio na banda, mashine ya benchi inayoendeshwa kwa stima au kwa trekta, na vijana kadhaa wa kusukuma magogo. Hawa hula kwa mbao kila siku. Halafu kuna wale wa Jumamosi: mwalimu, mwendeshaji boda, au mkulima aliyenunua pawaso kwa ajili ya shamba lake kisha majirani wakaanza kumwita. Baadhi yao hawahesabu hata faida. Wanapenda tu kuona ubao ukitoka ndani ya gogo. Makundi haya mawili huwa hayaaminiani sana. Wenye viwanda husema fundi wa pawaso anaharibu miti, naye fundi wa pawaso hujibu kwamba kiwanda hakiwezi kushuka kwenye bonde ambako mti umeangukia. Wote wawili wana ukweli wao.

Unga unaobaki chini

Hoja inayochukua muda mrefu zaidi ni ya unene wa mkato. Kila msumeno ukipita ndani ya mti hugeuza sehemu ya mti huo kuwa unga. Mnyororo wa pawaso hula takriban milimita 8 au zaidi kila unapopita. Diski ya mashine ya benchi hula kati ya milimita 4 na 6, na ikiwa imepinda au imenolewa vibaya hula zaidi. Msumeno wa ukanda, ule wenye utepe mwembamba wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu mawili, hula kama milimita 2.

Milimita sita hazionekani kuwa kitu hadi mtu afanye hesabu. Chukua gogo lililokwisha kutolewa mabanzi ya pembeni, likabaki mraba wenye unene wa sentimita 30. Mkulima anataka mbao za inchi moja, yaani kama milimita 25. Kwa pawaso, kila ubao unadai milimita 25 zake pamoja na milimita 8 za unga, na zitatoka mbao 9. Kwa msumeno wa ukanda, gogo hilo hilo litatoa mbao 11. Mbao mbili zimelala chini kama unga, na gharama ya kuupanda na kuutunza mti huo kwa miaka yote ilikuwa moja.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba pawaso itupwe. Inafaa kuangusha mti, kuukata vipande na kupasua mbao nene za nguzo na boriti, ambako mikato ni michache na unga ni kidogo. Kwa mbao nyembamba za dari au fanicha, ni heri magogo yabebwe hadi kwenye mashine ikiwa njia inaruhusu. Gharama ya kubeba inaweza kulipwa na zile mbao mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wapasuaji hulizungumza kwa sauti ya chini kidogo. Mafundi wengi wa pawaso hulipwa kwa futi. Anayelipwa kwa futi ana sababu ya kuharakisha, na mkato wa haraka hutoa ubao wenye unene usio sawa: inchi moja upande huu, inchi moja na robo upande ule. Seremala akiupokea hulazimika kuuranda hadi ulingane, na mti unapotea mara ya pili. Mkulima anaweza kulizuia hili kwa kukubaliana na fundi mapema kwamba zitalipwa tu mbao zenye kipimo kilichotajwa, na kusimama pale na tepu wakati kazi inaendelea.

Kununua kwa macho

Miti mingi ya mashambani huuzwa ikiwa imesimama, kwa bei ya kukisia. Mnunuzi hutembea shambani, anatazama juu, anataja bei. Jicho lake limezoea kazi hiyo kwa miaka, ilhali la mkulima huenda linaufanya mara moja katika miaka kumi.

Kipimo cha gogo si kigumu. Gogo likiwa chini, zungusha kamba au tepu katikati ya urefu wake upate mzingo kwa mita. Zidisha mzingo huo kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa gogo, kisha gawanya kwa 12.57. Jibu ni ujazo kwa mita za ujazo. Gogo lenye mzingo wa mita 1.2 na urefu wa mita 3.6, ambao ni karibu futi 12, lina takriban mita za ujazo 0.41. Simu yoyote ina kikokotoo cha kufanya kazi hiyo.

Sasa ongeza mzingo ufike mita 1.5, urefu ukibaki ule ule. Ujazo unapanda hadi 0.64. Mzingo umeongezeka kwa robo tu, lakini mti umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tena gogo nene hutoa mbao pana, na ubao mpana wa kumi au kumi na mbili kwa moja ni adimu kuliko wa nne. Mkulima anayeuza mti mchanga kwa sababu ya dharura anauza kabla ya ile miaka yenye faida kubwa. Wakati mwingine hana njia nyingine. Lakini kama shida ni ya shilingi elfu chache, kuuza mti mmoja au miwili iliyokomaa kunafaa kuliko kumkabidhi mnunuzi msitari mzima.

Si gogo lote litakuwa mbao, na mkulima asimlaumu fundi kwa hilo. Gogo ni la mviringo na ubao ni wa pembe nne. Katika mashine nyingi ndogo, mbao zinazotoka hazifiki nusu ya ujazo wa gogo. Kinachobaki ni mabanzi, ambayo wengi huyaita ofkati, na unga. Navyo vina bei. Ofkati hujenga ua na banda la kuku au huwashia jiko. Unga hutandikwa chini ya vifaranga. Asiyetaja mabanzi wakati wa mapatano huwa ameyatoa bure. Tahadhari moja: unga wa mbao zilizotiwa dawa usitumike kwa kuku wala kupikia.

Kila mti na tabia yake

Msaipresi ni mpole. Hupasuka vizuri, hupigwa msumari bila matatizo, na ndio uliojenga mapaa mengi ya nyumba. Mkaratusi una hasira ndani yake: mti uliosimama unashikilia mvutano, na gogo likikatwa mvutano huo hufunguka na ncha kupasuka, wakati mwingine kwa mlio unaosikika. Mafundi wazoefu huupasua mapema baada ya kuangushwa, hupaka rangi au nta kwenye ncha za gogo, na hutoa mbao kwa zamu, upande mmoja kisha upande wa pili, ili gogo lisijikunje. Mgrivilia, ambao wakazi wengi wanauchukulia kama mti wa kivuli na kuni, una ubao wenye michirizi ya kupendeza unapopasuliwa vizuri. Tatizo lake ni vifundo, navyo hutokana na kutopogoa matawi mti ukiwa mdogo.

Mbao mbichi ikipigiliwa kwenye paa itakaukia huko huko, na itapinda. Ndiyo maana paa la nyumba mpya huonekana limeingia mawimbi baada ya msimu mmoja wa jua. Mbao zinatakiwa kupangwa kivulini, juu ya mawe au magogo ili zisiguse udongo, huku vijiti vya unene sawa vikiwekwa kati ya safu moja na nyingine, kimoja juu ya kingine kwa mstari ulionyooka. Upepo upite katikati. Juu kabisa huwekwa uzito. Mbao ya fanicha inafaa kufikisha unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi, na kazi hiyo kwa hewa peke yake huchukua wiki nyingi, hata miezi kwa mbao nene. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo chake cha mazao ya misitu huko Karura, Nairobi, ambako masuala ya ukaushaji na dawa za mbao hufanyiwa utafiti.

Vidole

Ukitaka kujua nani amepasua mbao kwa muda mrefu, tazama mikono yake. Ni jambo la kusikitisha kwamba kidole kilichokatika bado huchukuliwa kama cheti cha ufundi.

Mashine ya benchi hurudisha gogo nyuma kwa nguvu pale mkato unapojifunga na kuibana diski. Kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya diski huzuia hilo, nacho ndicho huwa cha kwanza kuondolewa kwa madai kwamba kinachelewesha kazi. Pawaso nayo hurusha kichwa chake kuelekea usoni pale sehemu ya juu ya ncha inapogusa mti. Anayeangusha mti anatakiwa ahakikishe hakuna mtu ndani ya umbali wa angalau urefu wa miti miwili kama huo, pamoja na watoto, ambao hupenda sana kutazama. Helmeti, kinga ya macho na masikio, buti na suruali maalum ya kuzuia mnyororo si urembo. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mwajiri ana wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, na kiwanda cha watu wanne hakijaachwa nje. Mafundi waliojifunza kazi kwa kutazama wanaweza pia kufanyiwa mtihani wa ufundi na kupata cheti kupitia NITA.

Vibali, na lori lililozuiwa

Februari 2018 serikali ya kitaifa ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, muda ulioongezwa tena na tena. Miti ya mashambani haikuwa sehemu ya marufuku hiyo, hivyo wanunuzi wakageukia mashamba ya wananchi. Viwanda vingi vilivyotegemea misitu ya serikali vilifungwa au kupunguza kazi. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku, na uamuzi huo ukafikishwa mahakamani mwaka huo huo. Wapasuaji waliopitia miaka hiyo huitaja kama watu wengine wanavyotaja ukame.

Kuwa na mti shambani hakumpi mtu ruhusa ya kupakia mbao kwenye lori na kuondoka. Usafirishaji wa mazao ya misitu unahitaji kibali kutoka kwa Huduma ya Misitu Kenya, KFS, pamoja na uthibitisho wa mahali miti ilikotoka. Sheria inayosimamia ni ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kanuni za misitu ya mashambani za 2009 nazo zinamtaka mwenye shamba la kilimo adumishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi hiyo, kwa hivyo anayevuna anatarajiwa kupanda.

Lori likizuiwa njiani bila karatasi, hasara humwangukia aliyenunua, naye huifidia kwa kumpunguzia bei mkulima anayefuata. Karatasi zikiwa tayari kabla ya mti kuangushwa, mkulima ana sababu ya kudai bei nzuri zaidi.

Wapasuaji wana lalamiko lao hapa, na lina uzito: mbao zile zile hulipiwa kibali mahali pamoja, kisha sesi kwenye kizuizi cha kaunti moja na tena kwenye kizuizi cha kaunti jirani. Kaunti zina jukumu katika misitu chini ya Jedwali la Nne la Katiba, hasa utekelezaji wa sera za kitaifa za uhifadhi wa udongo, maji na misitu, na pia zina mamlaka ya kutoza ada. Suala la kulipishwa mara mbili haliwezi kumalizwa na kaunti moja pekee. Anayetozwa adai risiti kila mara na kuihifadhi, kwa kuwa lalamiko lisilo na risiti ni vigumu kulifuatilia.

Mkazi anayepanga kuuza au kupasua miti aanzie kwa afisa wa kilimo wa wadi yake au kituo cha KFS kilicho karibu, akiwa na kitambulisho, stakabadhi za shamba, na idadi ya miti pamoja na aina yake. Kama shamba bado liko kwa jina la mzazi aliyefariki, aende na barua ya chifu na wenzake wa familia wanaohusika, kabla ya fundi kuitwa.