Kuku wa Uani na Haki ya Jirani

Katika darsa ya akina mama tunayoisomesha baada ya sala ya alasiri, tumezoea kuulizwa masuala ya tohara, ya mirathi na ya malezi ya watoto. Juma lililopita tuliulizwa suala la kuku, na tokea siku hiyo halijatutoka akilini.

Aliyeuliza ni mjane mwenye watoto wanne. Alisimama na karatasi mkononi. Ilikuwa ni ilani kutoka kwa wasimamizi wa nyumba anamopanga, ikimtaka awaondoe kuku wake wote katika muda wa siku 14. Uani kwake ana mitetea 9 na jimbi mmoja. Mayai huyauza kwa majirani na kwa duka lililo mwisho wa mtaa, na fedha hizo ndizo zinazolipa ada ya madrasa na kununua sabuni na sukari ya nyumbani.

“Maalim,” akasema, “nikiwafungia stoo wakaguzi wanapopita, kisha nikawatoa wakishakwenda zao, nitakuwa na makosa?”

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nasi hatukumjibu papo hapo, kwani tuliona kwamba nyuma ya suala lake mna masuala mengine matatu: haki ya mama kutafuta riziki ya halali, haki ya jirani kupumzika nyumbani kwake bila ya kuudhiwa, na njia ipi raia aifuate anapoiona kanuni imembana. Tukaomba muda wa juma moja, na jawabu letu ndilo hili.

Kuku ni mwenyeji wa nyumba zetu

Katika pwani yetu kuku si mgeni. Bibi zetu walifuga uani, wakawatupia makombo ya wali na pumba, na mgeni alipobisha hodi bila ya taarifa palikuwa na kitoweo. Kuku ni hazina ya mwanamke. Ng’ombe na shamba vyaweza kuwa vya mume au vya ukoo, lakini kuku wa uani aghalabu huwa ni wa mama mwenyewe, na thamani ya mayai yake huingia mkononi mwake bila ya kuulizwa na mtu.

Wala dini haikumdharau ndege huyu. Imepokewa na Abu Musa al-Ash’ari, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba alimwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akila nyama ya kuku. Na jimbi anapowika tumefundishwa kumwomba Mola fadhila zake, kwani amemwona malaika. Waswahili wengi kabla ya saa za ukutani waliamshwa naye kwa ajili ya alfajiri.

Hata hivyo, dini hiyo hiyo imeweka adabu. Fiqhi yetu inamzungumzia mnyama anayekula uchafu, aitwaye jallala, na wanachuoni wakachukia nyama yake na mayai yake mpaka alishwe chakula safi. Imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku 3 kabla ya kumla. Basi kuku aachiwaye ajichokolee jaani na kwenye mitaro ya maji machafu, kisha akauzwa kuwa ni kitoweo, si jambo jepesi. Na mnyama aliye mikononi mwetu ni amana. Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha twaijua sote, na twamwomba mama yetu aikumbuke anapofikiria kuwafungia kuku kumi katika stoo isiyo na dirisha, katika joto hili letu.

Jirani naye ana neno

Katikati ya juma tulikwenda kumsikiliza jirani aliyepeleka mashitaka. Tulimdhania kuwa ni mtu wa choyo, na dhana yetu haikuwa ya haki. Tulimkuta mama kijana mwenye mtoto wa miaka 6 aliye na maradhi ya pumu. Ukuta wa chumba anacholala mtoto ndio ukuta ambao banda la kuku limeegemezwa. Vumbi la manyoya na harufu ya mavi huingia dirishani, na jimbi huwika saa nane za usiku, si alfajiri kama watu wanavyodhani. “Sheikh,” akatuambia, “mimi sina ugomvi na mwenzangu. Nimemwambia mara mbili, akanijibu kuwa kuku ni sunna. Basi na mwanangu naye ni nani?”

Maneno hayo yalitunyamazisha. Wanachuoni wa fiqhi wameweka kanuni kwamba madhara yapasa kuondolewa, na wengi wetu huishia hapo. Lakini wameongeza kwamba dhara haliondolewi kwa kuletwa dhara jingine mfano wake. Tukiwaacha kuku walipo, mtoto ataumia. Tukiwaondoa wote, mayatima watakosa ada na mkate. Kanuni isemayo “kuku ni marufuku” huondoa dhara la kwanza kwa kuleta la pili. Kanuni isemayo “kila mtu afuge apendavyo” hufanya kinyume chake. Kinachotakiwa ni kanuni yenye mipaka, itakayowapa nafuu wote wawili.

Mji uliobadili kanuni yake

Ugomvi huu haukuzuka kwetu peke yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Marekani ilibandika matangazo ya kuwahimiza wananchi kufuga uani, kuku 2 kwa kila mtu aliyemo nyumbani, ili nyama nyingine zibakie kwa majeshi. Vita vikaisha, miji ikakua, na miji mingi ya nchi ile ile ikaja ikapiga marufuku kitu kile kile kilichohimizwa.

Katika mji wa Madison, ulio makao makuu ya jimbo la Wisconsin, baadhi ya familia zilikuwa zikifuga kwa siri, kama anavyotaka kufanya mama yetu. Wenyewe walijiita, kwa mzaha, watu wa kuku wa chini kwa chini. Lakini siri ya kuku haifichiki, kwa kuwa mtetea akitaga hutangaza. Wakazi wakaamua kujitokeza, wakalifikisha jambo lao mbele ya baraza la mji, na mwaka 2004 kanuni ikabadilishwa.

La kuzingatia ni mipaka iliyowekwa. Kila nyumba iliruhusiwa mitetea isiyozidi 4. Jimbi alikatazwa. Banda lilitakiwa liwe umbali wa futi 25 kutoka nyumba ya jirani. Kuchinja hapo nyumbani kulikatazwa, na mfugaji alitakiwa kuwa na kibali. Sharti hilo la kuchinja kwetu lingekuwa zito, lakini mengine ni ya busara. Kwa masharti hayo, aliyekuwa akiogopa kelele alipewa jibu, na aliyeogopa harufu alipewa jibu. Miji mingine ya Marekani iliyokuja kubadili kanuni zake ilifuata mwendo unaofanana na huo.

Si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Mji wa Toronto, huko Kanada, ulianza mwaka 2018 majaribio ya kuruhusu mitetea 4 kwa nyumba katika baadhi ya kata zake, lakini mwaka 2023 majaribio hayo yakafungwa. Anayeomba aombe kwa adabu, naye ajue kuwa yaweza kukataliwa.

Na hapa tuwakumbushe akina mama jambo ambalo baadhi yao walistaajabu kulisikia: mtetea hutaga bila ya jimbi. Jimbi huhitajika pale tu mtu anapotaka mayai ya kuatamia na vifaranga. Mwenye kutaka mayai ya kula na ya kuuza, jimbi kwake ni kelele na gharama ya chakula.

Sheria ya nchi yetu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kilimo na ufugaji, pamoja na kazi ya kudhibiti wanyama, kelele na kero nyingine kwa umma. Basi kanuni za kuku mjini ni jambo la kaunti, na bunge la kaunti ndilo lenye uwezo wa kuzitunga na kuzirekebisha. Kifungu cha 37 kimempa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka za umma kwa amani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 15, imefafanua kwamba mtu aweza kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria yake. Na Kifungu cha 196 cha Katiba kimelilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi.

Tena tazameni mpango wake. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kinachofuata, cha 43, kinampa haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Vifungu hivyo viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, kama nyumba ya mjane na nyumba ya mama wa mtoto mwenye pumu.

Lakini ilani ya mama yetu haikutoka kwa kaunti. Imetoka kwa wasimamizi wa nyumba, nayo imetegemea sharti lililomo katika mkataba wa kupanga, ambao yeye mwenyewe aliutia sahihi. Hili ni jambo la kutofautisha. Kanuni ya kaunti hubadilishwa na bunge la kaunti. Sharti la mkataba hubadilishwa na waliofunga mkataba, yaani mwenye nyumba na wapangaji wake. Na Muislamu hufungwa na masharti aliyoyakubali, maadamu hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali. Kutofuga kuku katika nyumba ya mtu si kuharamisha halali, bali ni mwenye mali kuweka sharti juu ya mali yake.

Jawabu letu

Kwa hiyo tunamwambia mama yetu, na wote walio katika hali yake: kuwaficha si sawa. Ni kuvunja ahadi, ni kuwatesa ndege, na ni kumwachia jirani taabu ile ile. Lakini kunyamaza na kukata tamaa nako si lazima. Iko njia ya katikati.

Kwanza, aanze kwa jirani kabla ya kuanza na wakubwa. Ombi la kubadilisha kanuni likipingwa na anayekaa ukuta mmoja nawe, halina miguu. Amuulize kinachomuudhi, amsikilize mpaka amalize, wala asimjibu kwa sunna.

Pili, aondoe sababu za mashitaka. Idadi ya kuku ipungue ilingane na ukubwa wa ua. Jimbi aondoke. Banda lihamishwe kutoka ukutani, liinuliwe juu ya ardhi, lifagiliwe kila siku, na samadi itiwe katika chombo chenye kifuniko au ipelekwe shamba. Chakula kisilale nje usiku, kwani hukaribisha panya. Kuku wachanjwe kideri, kwa ile chanjo ya matone ya jicho ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 3, na afisa wa mifugo aulizwe. Na kila anayewashika anawe mikono kwa sabuni, hasa watoto.

Tatu, waandike barua wote kwa pamoja. Barua itaje kanuni wanayotaka ibadilishwe, sababu yao, na mipaka wanayojiwekea wenyewe: kuku wangapi, umbali gani, usafi wa namna gani, na mtu akivunja afanywe nini. Anayejifunga mwenyewe kwanza husikilizwa upesi kuliko anayedai tu. Ikiwa ni mkataba, barua iende kwa mwenye nyumba. Ikiwa ni kanuni ya kaunti, iende kwa karani wa bunge la kaunti, na mwakilishi wa wadi ajulishwe.

Nne, wakati ombi linasubiri, ilani itiiwe. Kuomba kanuni ibadilishwe si ruhusa ya kuivunja.

Jumanne mama huyu alikwenda kwa jirani yake. Hatukuwepo, na waliyozungumza ni yao. Tunalolijua ni kwamba jimbi amepelekwa kwa kaka yake shambani, mitetea wako kwa dada yake kwa muda, na barua ya wapangaji imeandikwa. Inaomba mitetea 4 kwa kila nyumba ya chini yenye ua, na banda lisiegemezwe ukuta wa chumba cha kulala cha mtu yeyote. Sharti hilo la pili alilitunga mama wa mtoto mwenye pumu, na sahihi yake ndiyo ya kwanza katika orodha.

Jawabu la mwenye nyumba halijaja. Huenda akakubali, huenda akakataa. Lakini jana tuliambiwa kwamba wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani tokea mwezi wa Shaabani walionekana wakiteka maji pamoja. Kwetu sisi, hata kabla ya kuku kurudi, hilo nalo ni la kumshukuru Mola.

Wabillahi tawfiq.