Tepu ya Rangi na Kifundo Kilichotiwa Vyuma

Subukia ni nchi ya miteremko. Atokaye shambani kufuata matatu ya Nakuru au Nyahururu hupanda na kushuka, na wakati wa mvua hukanyaga utelezi. Basi aliyevunjika kifundo cha mguu, labda kwa ajali ya bodaboda, akapasuliwa na kutiwa vyuma, huuliza: je, ile tepu ya rangi wanayobandikwa wanamichezo itanifaa?

Aliyeibuni ni Mjapani, Kenzo Kase, miaka ya 1970. Olimpiki ya Beijing ya 2008 ikaitangaza duniani. Ni kitambaa cha pamba chenye gundi, kinachovutika. Hakina dawa, na rangi ni urembo tu. Wala hakishiki mfupa: hiyo ni kazi ya vyuma, hadi mfupa uunge.

Hutumiwa zaidi kwa uvimbe, ambao huweza kudumu miezi. Kidonda kikishafunga na nyuzi kutolewa, mtaalamu huchana tepu iwe na vidole vinne au vitano. Shina hubandikwa juu, upande wa goti, na vidole hulazwa juu ya uvimbe karibu bila kuvutwa. Kisha huisugua kwa kiganja, kwa kuwa gundi hushika kwa joto. Baada ya siku 3 hadi 5 hubanduliwa polepole, kufuata malaika ya ngozi. Inasemekana huinua ngozi kidogo ili maji yapite. Ushahidi wa hilo ni haba, na nafuu ikipatikana huwa ndogo. Naona inachosaidia hasa ni kumpunguzia mgonjwa woga wa kukanyaga.

Na kukanyaga ndiko dawa, daktari akisharuhusu. Simama mbele ya ukuta, unyayo wote chini, usukume goti liuguse bila kisigino kuinuka. Pima umbali wa kidole gumba na ukuta kila wiki. Kifundo kisichokunjika hivyo hakitakushusha mlima.

Ngozi ikiwasha au kutoa malengelenge, bandua. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asijibandike mwenyewe. Na shavu la mguu likiuma, likavimba na kupata joto, achana na tepu uende hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda mshipani. Pumzi zikikatika, ni dharura.

Pesa zikiwa chache, lipia kwanza miadi ya fiziotherapia. Tepu inaweza kungoja.