Penzi la Kuchelewa na Biashara Yake

Mwishoni mwa 1815, mchapishaji John Murray wa London alitoa Emma, riwaya ya Jane Austen, kwa juzuu tatu, bei shilingi 21. Kisa chenyewe hakina pupa. Emma Woodhouse na Bwana Knightley ni watu wa karibu kwa miaka mingi. Wanabishana, wanapatana, na ni karibu na mwisho tu ndipo wanapotambua kuwa wanapendana. Bei ile ilikuwa ya wenye nacho. Wengine walilipa ada kwenye maktaba za kukodisha, wakachukua juzuu moja, wakairudisha, wakachukua nyingine. Penzi linalokawia lilimfaa mwenye maktaba, maana msomaji hakuweza kuishia juzuu ya kwanza.

Austen mwenyewe aliambulia kidogo. Murray alitaka kumpa pauni 450 kwa hakimiliki za riwaya tatu, Emma ikiwemo. Alikataa, akachapisha kwa gharama zake na kumwachia Murray kamisheni. Mimi siuoni uamuzi ule kuwa wa kijinga: Pride and Prejudice alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa pauni 110, na faida iliyofuata ikawa ya mchapishaji. Lakini anayebeba gharama hubeba na hasara. Zilichapwa nakala 2,000 za Emma, na sehemu kubwa ya faida ya mwanzo ikamezwa na hasara ya toleo la pili la riwaya yake nyingine, Mansfield Park. Mkononi zikafika pauni zisizozidi 40. Alifariki 1817. Mwaka 1820 nakala 539 zilizododa ziliuzwa kwa shilingi 2 kila moja. Mwaka 1832 familia ikamuuzia mchapishaji Richard Bentley hakimiliki za riwaya tano kwa pauni 210, chini ya nusu ya fedha ambazo Murray alikuwa tayari kutoa kwa tatu. Inaniuma kila nikizipitia hesabu hizi, kwa sababu biashara nzima iliyofuata imejengwa juu ya kazi ya mwanamke huyu.

Zama zake ziligeuzwa kuwa tawi la soko na Georgette Heyer, aliyetoa Regency Buck mwaka 1935. Katika Cotillion ya 1953, Kitty na Freddy wanajifanya wachumba kwa makubaliano tu. Penzi linawakuta njiani.

Wakati huo Mills & Boon, kampuni ya uchapishaji iliyoanzishwa London mwaka 1908, ilikuwa ikitegemea maktaba za kukodisha. Maktaba hizo zilipokufa katika miaka ya 1950, iliokolewa na vitabu vya jalada jepesi ilivyoshirikiana na Harlequin ya Kanada, ambayo hatimaye iliinunua mwaka 1971. Mwaka 2014 News Corp ilitoa dola za Kanada milioni 455 kuichukua Harlequin na kuiweka chini ya HarperCollins. HarperCollins ilikuwa tayari inamiliki Avon, nyumba inayomchapisha Julia Quinn.

Quinn ndiye aliyeuelewa vizuri mtaji wa subira. Familia ya Bridgerton katika riwaya zake ina watoto wanane, na kila mmoja ana kitabu chake, kuanzia 2000 hadi 2006. Penelope anampenda Colin, mmoja wa watoto hao, tangu mapema huku Colin akimwona rafiki tu. Zamu yao inafika katika kitabu cha nne, mwaka 2002. Anayewafuatilia huwa amekwisha kununua vitatu. Urafiki hauwezi kuaminika kwa kurasa 20, unahitaji miaka, na miaka hiyo msomaji huilipia kwa hiari kwa sababu anaiishi pamoja nao. Mapenzi ya kuonana mara moja hayampi mchapishaji nafasi hiyo.

Netflix ilipoanza kuonyesha Bridgerton, Desemba 2020, vitabu vya miaka 20 nyuma vilirudi kwenye orodha za mauzo ya juu Marekani. Kwa msimu wa tatu watayarishaji waliruka kitabu cha Benedict, kaka wa Colin, na kuwatanguliza Colin na Penelope, ambao watazamaji walikuwa wamewangoja misimu miwili. Kisha wakaugawa msimu: vipindi vinne Mei 16, 2024, vinne vingine Juni 13. Aliyeanza siku ya kwanza alingoja wiki nne, kama msomaji wa Emma aliyekuwa akisubiri jirani airudishe juzuu ya tatu maktabani.